Tuta la Nne Kutoka Majini

Siku mwenyekiti wa mtaa alipokuja na daftari, nilikuwa barazani napukuchua mahindi. Ulikuwa mwezi wa saba, jua limetoka lakini upepo wa Makambako unakata masikio, nami nimejifunga kitenge juu ya sweta mbili. Aliongozana na binti wa watu wa maji, mpima ardhi, amevaa buti za kiume na kizibao cha kung'aa. Wakaketi kwenye benchi, wakapokea chai, wakazishika bilauri kwanza kwa viganja vyote viwili kabla ya kunywa.

"Bibi," akasema mwenyekiti, "kila mlango tunaobisha tunaambiwa nendeni kwa bibi, yeye ndiye mwenye majina."

Ni kweli, majina ninayo. Shule niliishia darasa la tatu, hesabu za kugawanya zilinishinda na mpaka leo zinanishinda. Lakini mtu akinitajia jina lake mara moja, halitoki tena. Wa ukoo wa mume wangu nawajua wote, waliopo na waliokwisha kulala, na walioolewa mbali tukawasahau wao, majina yao bado ninayo. Hapa sitaandika hata moja. Majina ya marehemu yana wenyewe, na wenyewe sikuwaomba ruhusa.

Kilichowaleta ni bonde letu. Mji wa Makambako uko juu yetu. Nilipoolewa huku, ulikuwa maduka machache kwenye njia panda, malori ya Mbeya na ya Songea yakisimama hapo dereva ale ugali. Siku hizi ni mabati mpaka macho yanachoka. Mvua ikinyesha, maji yote ya kwenye mabati na ya kwenye lami yanateremkia kwetu kwa kishindo, yanakata mashamba, yanapita. Wiki chache baada ya mvua kwisha, watu walewale wa mjini wanapanga ndoo. Bomba linatoa siku moja, linalala siku tano.

Kule chini palikuwapo tayari mabwawa mawili ya majitaka. Magari ya kunyonya vyoo yanamwaga pale, maji yanapita bwawa moja kwenda la pili hadi yanatulia, kisha yalikuwa yanaachwa yaende zake. Mpango uliokuja ni wa kuyaongeza mabwawa hayo, maji yakishasafishwa yarudi kazini, na pembeni pachimbwe bwawa kubwa la kukinga maji ya mvua ya mji mzima.

"Kwa hiyo mnataka tunywe ya chooni," nikamwambia yule binti.

Akacheka. "Hapana, bibi. Ya kunywa yatabaki ya kunywa. Haya ni ya miti, bustani na matofali. Sasa hivi matofali yanakunywea maji yako."

Nikaona ana akili. Mimi nimebeba maji kichwani kutoka mto wetu wa bondeni tangu nikiwa bibi harusi mpaka magoti yalipokataa. Mtu asiniambie bwawa ni baya. Leo limekwisha kuchimbwa, mvua za msimu uliopita zimelijaza zaidi ya nusu, na jirani yangu analima kabichi kiangazi chote kwa mpira wa maji yaliyosafishwa. Nilikubali siku ileile, na sijajuta kukubali.

Ila katikati ya mabwawa ya zamani na mahali pa bwawa jipya palikuwa na makaburi ya ukoo. Yalitakiwa kuhamishiwa kwenye kiwanja karibu na kanisa la usharika wetu. Mengi hayakuwa na msalaba wala jiwe. Wengine udongo wao ulikuwa umeshuka mpaka ukawa sawa na ardhi, ng'ombe wanapita juu. Ndiyo maana walihitaji kichwa changu.

Tukateremka wote watatu. Nikawatembeza kaburi kwa kaburi. Nikasema, huyu ni fulani, aliangukiwa na mti akipasua mbao; huyu mkewe, alimfuata kabla ya mavuno; hawa wawili ni pacha, walikufa wakubwa, usiwatenganishe. Binti anaandika, mwenyekiti anachomeka kigingi na kukipaka rangi nyekundu. Walifika thelathini na saba. Mwenyekiti akawa anatikisa kichwa tu, anasema, "Huyu bibi akienda, tumeunguliwa na nyumba."

Tulipomaliza akaniuliza, "Wamekwisha, bibi?"

Nikasema wamekwisha.

"Hakuna mwingine huku bondeni?"

Nikatazama kule chini kwenye vinyungu, yaani bustani zetu za kiangazi, ambapo tunapandisha matuta kando ya mto na kupanda mahindi na maharage wakati huku juu kumekauka. Nikasema, "Hakuna." Binti akanipa kalamu, nikasaini.

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa sababu aliyeuliza alikuwa mwanamume, na jambo lile mwanamume haambiwi. Nilikuwa nimelinyamazia tangu ujana wangu, na kunyamaza kukiwa kwa muda mrefu kiasi hicho kunakuja haraka kuliko maneno.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kike. Alizaliwa wakati reli inajengwa, baruti zikisikika kutoka mbali na yeye akishtuka mgongoni. Aliishi miezi minne. Baridi ilimwingia kifuani, siku ya tatu akanyamaza.

Kwa wakwe zangu, mtoto ambaye hajaota meno alikuwa hazikwi na wanaume. Hapelekwi makaburini, hapigiwi kengele. Wanawake walimchukua bondeni kwenye udongo laini, wakamlaza, wakarudisha tuta juu yake, na tangu hapo jembe linapita juujuu. Mama hakutakiwa kulia kwa sauti wala kumtaja, maana walisema ukimwita unamfungia njia atakayemfuata. Baba naye haulizi. Tulikuwa Wakristo, ndoa tulifunga kanisani, lakini mambo ya watoto wachanga yalikuwa ya wanawake na hata kanisa halikuyagusa. Ubatizo tulikuwa tunangoja Pasaka. Jina alikuwa nalo. Nilimpa mwenyewe jikoni, nikamnong'oneza mume wangu, na dada yake mume wangu, wifi yangu, alilisikia.

Waliokwenda bondeni ni mama mkwe, wifi na jirani mmoja. Mimi nilikwenda nyuma yao, kichwa kimefunikwa kanga, nikiona miguu yao tu. Nilichoshika ni kwamba walisimama kwenye tuta la nne kutoka majini. Kwetu matuta huhesabiwa hivyo. Hata watu wakigombea urithi wa vinyungu, mzee anasema, la kwanza hadi la sita kutoka majini ni ya huyu, la saba kupanda ni ya yule. Mimi nikaweka kichwani: la nne.

Mume wangu hakuuliza kamwe. Lakini miaka ile ya mwanzo, kila kiangazi alipokuwa akilima vinyungu, sehemu ile aliniachia mimi. Alikuwa anasema tu, "Huko malizia wewe." Amekufa bila neno lingine.

Basi baada ya mwenyekiti na binti kuondoka, nilibaki nimesimama pale bondeni. Vigingi vya bwawa jipya vilikuwa vimepita juu ya vinyungu vyote. Makaburi yangehamishwa Jumamosi ya wiki ya pili, na Jumatatu yake katapila lingeanza kuchimba. Nilikuwa nimewataja wote hadi wajukuu wa mashemeji, nimemwacha wa kwangu ndani ya shimo la maji.

Jumapili mwanangu alikuja kutoka Njombe mjini. Ni seremala huko, na ukoo ulikuwa umempa kazi ya kutengeneza masanduku ya kuhamishia, ya mbao za paina, yote ya kipimo kimoja. Alikuwa ameleta moja la mfano, amelikalisha juu ya meza, ananionyesha alivyoliunga bila misumari mingi.

"Ongeza moja," nikamwambia.

"Orodha inasema thelathini na saba, mama."

"Ongeza."

"La nani?"

Nikainua mikono miwili, nikaitenga kiasi cha mtoto wa miezi minne. Yeye ni seremala, macho yake yalipima kabla hajafikiri. Kisha akavuta kigoda akakaa.

"Lini?"

"Kabla yako."

Akaishika pembe ya sanduku, akapitisha kidole gumba kwenye maungio, akarudia tena. "Baba alijua?"

"Baba yako hakuuliza. Ila alijua."

"Kwa hiyo mimi si wa kwanza."

Nikamwangalia mtu mzima wa miaka hamsini, mvi zimeanza kidevuni, na nikaona nimemnyang'anya kitu. Tangu mdogo amebeba mambo ya mzaliwa wa kwanza: ndiye aliyeacha shule ili wadogo wasome, ndiye anayeitwa kukitokea msiba. Nilitaka kusema pole, lakini niliona pole itakuwa ndogo. Nikamwekea ugali. Alikula kidogo, akaaga mapema, akaacha lile sanduku la mfano mezani. Hakusema kama atatengeneza lingine au hatatengeneza.

Kesho yake nikaenda kwa yule binti kwenye kibanda chao cha vifaa. Nikamwambia nilidanganya. Alikuwa mwanamke, basi nikamweleza yote. Alivua kofia yake akaiweka magotini.

"Bibi, jina naweza kuliongeza leo hii, pole sana," akasema. "Lakini fomu inataka mahali. Siwezi kuhamisha kaburi lisilo na mahali. Nionyeshe, nitakuja mimi mwenyewe na bwana afya."

"Bwana afya ni mwanamume."

"Ni mwanamume, bibi. Na lazima awepo, ndiyo sheria."

"Basi nitakuja na mtu atakayemweza," nikasema.

Mama mkwe na yule jirani wamekwisha lala siku nyingi. Aliyebaki ni wifi, anaishi Kichiwa kwa wajukuu zake. Kanitangulia miaka kama kumi, jicho moja limeingia ukungu, masikio yanasikia anachotaka. Nilimkuta juani anamenya viazi.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene. Umekonda. Makambako hawapiki siku hizi?"

"Wanapika. Nimekuja kukuchukua twende bondeni."

"Bondeni kufanya nini? Miguu iliyobaki ni ya kwenda chooni na kurudi. Ya bondeni ilikwisha."

"Kwa mtoto," nikasema.

Kisu kikasimama. Akaweka kiazi ndani ya maji, polepole, kisha akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nilidhani utakufa hujaniuliza," akasema. Akamwita mjukuu wake amletee viatu.

Alhamisi tukateremka. Mimi, wifi, binti wa maji, na wanawake watatu wa umoja wa akina mama kanisani wenye majembe. Bwana afya alikuwa kijana mpole wa koti jeupe, ameshika glavu na daftari. Wifi akamtazama kwa lile jicho zima.

"Wewe ndiye bwana afya?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeoa?"

"Bado, bibi."

"Ndiyo maana hujui. Simama hapo juu, geuka utazame Njombe. Tukikuhitaji tutakuita."

"Bibi, natakiwa nione."

"Utaona tukimaliza. Hapo unaona Njombe, si kidogo. Wengine hawajafika."

Binti akainama ili asicheke. Bwana afya akapanda hatua ishirini, akageuka kweli, daftari mgongoni.

Nikaenda majini. Nikahesabu tuta la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nikasimama juu ya la nne, nikasema, "Hapa."

Wanawake wakachimba. Udongo wa juu ukatoka, kisha mchanga wa njano, laini, unaoporomoka. Wakafika magotini. Mchanga. Wakafika mapajani, bado mchanga, na maji yakaanza kuchuruzika ndani ya shimo. Mmoja akainua kitu kwenye jembe, akakisugua. Kilikuwa kizibo cha soda. Nyuma yake kikatoka kipande cha mfuko wa nailoni, wa rangi ya buluu.

Nikakaa chini. Nilifikiri, basi, mto umemchukua. Wanawake wakaegemea majembe yao, na mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisa taratibu, wa msiba, kwa kuwa aliona hakuna kingine cha kufanya.

Binti akaokota kile kizibo akakigeuza. "Bibi, miaka ile walikuwa wanatupa vizibo huku?"

"Soda yenyewe tulikuwa hatuijui ladha yake," wifi akajibu.

"Basi udongo huu ni mgeni. Umeletwa na maji ya barabarani." Akatazama juu mjini, akatazama mto. "Mto ulikuwa hapa hapa wakati ule?"

Mimi nikasema ndiyo, mto ni huu. Wifi akapiga makofi mara moja.

"Mto huu? Wewe mwanamke! Mto ulikuwa kule juu, chini ya ile njia ya ng'ombe! Ndoo tulikuwa tunajaza tukiwa tunasikia watu wakiongea njiani. Leo ukipiga kelele njiani, nani atakusikia hapa?"

"Mbona hukusema?"

"Ulitembea mbele kwa kujiamini, mwenye majina yote ya dunia! Nikasema labda ameota." Kisha akawageukia wale wanawake. "Anahesabu kutoka majini, na maji yenyewe yamehama."

Nikaelewa, na nikaona haya. Mitaro ya mji ilipoanza kutuletea maji kila masika, mto ulisukumwa, ukala upande mmoja na kujaza mchanga upande mwingine. Nasi kila kiangazi tuliufuata unyevu, tuta moja chini, mwaka mwingine tuta moja chini, na kila mwaka la karibu na maji tukaliita la kwanza. Hakuna aliyehama, hakuna aliyetangaza. Nimelima bonde lile maisha yangu yote bila kujua kwamba nalima mahali pengine. Na kumbe yale matuta ambayo mume wangu alikuwa ananiachia nimalizie yalikuwa juu kabisa, karibu na njia, mahali ambapo baadaye tuliacha kulima kwa sababu pamekauka. Alikuwa hahesabu. Alikuwa anapajua.

Binti akaleta chuma chake kirefu kilichosokotwa ncha, kile anachotobolea ardhi. Akaanza kukizungusha pale mchangani, akapanda hatua tano, akazungusha tena, akatoa mchanga. Akapanda tena. Alirudia mara nyingi, jasho linamtoka pamoja na upepo ule wote. Mahali fulani chini ya njia ya ng'ombe chuma kilitoka na udongo mweusi, mzito, na ndani yake mizizi ya matete iliyooza. Akaunusa, akamnusisha wifi.

"Hapa ndipo palipokuwa na matete, bibi. Ukingo wa mto wenu ulikuwa hapa."

Wifi akavua viatu. Akasimama pale, akashika mkono wangu, akaanza kupanda. Hakuhesabu kwa macho, alihesabu kwa miguu: mfereji, tuta, mfereji, tuta, hatua za mwanamke aliyebeba mzigo. La nne akasimama.

"Mimi ndiye niliyeshika jembe," akasema. "Wewe ulikuwa umejifunika."

Wakachimba. Safari hii udongo ulikuwa mweusi tangu juu. Walipofika mapajani, jembe likagonga kitu kwa mlio mzito. Wifi akasema, "Acheni majembe, mikono." Wakaingia wawili, wakafukua kwa vidole. Kilikuwa chungu, kimelala kifudifudi, kina ufa upande mmoja.

Chungu kile nilikifahamu. Kilikuwa cha mama mkwe, chungu chake kikubwa cha maharage, alichokuja nacho alipoolewa, hakuwa anamruhusu mtu kukiosha. Baada ya mtoto kufa sikukiona tena jikoni. Nilimuuliza siku moja akanijibu kwa ukali kwamba kimevunjika na niache kupekua vyombo vyake. Nilimchukia kwa jibu hilo. Nilikuwa mtu wa miaka kumi na tisa, nimetoka kumzika mwanangu bila kulia, na mama mkwe ananigombeza kwa ajili ya chungu.

"Alimfunika nacho," wifi akasema. "Alisema udongo usimkandamize usoni. Akatuapisha tusikwambie, maana ungelia, na kulia kulikuwa kumekatazwa."

Wakakiinua. Chini yake hapakuwa na kitu cha kuona, ila udongo mweusi zaidi ya mwingine, laini, umeshika umbo la ndani ya chungu. Mwili wa miezi minne haudumu kwenye majimaji. Nilijua hivyo kabla, lakini kujua na kuona si kitu kimoja. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja juu ya ule udongo, na nikalia kwa sauti. Nililia mpaka bwana afya kule juu akasahau kutazama Njombe, akashuka mbio. Wifi hakumfukuza. Alimwambia tu, "Andika. Andika kwamba yupo."

"Bibi," akasema yule kijana, taratibu, "hapa tunachukua udongo?"

"Tunamchukua yeye," wifi akamjibu.

Akaandika.

Hatukuwa na sanduku la kipimo chake. Tukafunga ule udongo ndani ya kitenge kipya, tukakiweka ndani ya chungu chenyewe, nikakaa nacho nyumbani siku mbili. Kila gari lililopita barabarani nilisikiliza kama linasimama. Ijumaa jioni mwanangu alifika na lori la mbao, masanduku yamepangwa nyuma na kufunikwa turubai. Akashusha mengine yote kwanza kanisani. La mwisho alilileta mwenyewe nyumbani, amelikumbatia. Lilikuwa dogo, la paina nyeupe isiyo na kifundo hata kimoja, pembe amezichonga zikawa za mviringo. Mengine hakuyachonga pembe.

"Chungu kitaingia?" akauliza. Alikuwa ameambiwa na binti kwa simu.

Kiliingia. Aliacha nafasi ya vidole viwili tu kila upande.

Jumamosi tulikusanyika kwenye kiwanja kipya. Baridi, ukungu umeshuka, watu wa ukoo wamekuja kutoka Njombe na hata Makete. Mwinjilisti akasema atasoma majina yote, na kila atakapotaja jina, nyumba husika ijibu, "Tuko naye." Kwetu anayejibu ni mwanamume mkubwa wa nyumba. Wakasomwa, sauti zikajibu moja moja kutoka huku na huku. Kwa baba mkwe alijibu mwanangu. Kwa mama mkwe alijibu mwanangu. Kwa mume wangu alijibu mwanangu.

Jina la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa kalamu chini ya yale yaliyopigwa chapa. Mwinjilisti akaisogeza karatasi karibu na miwani, akalisoma.

Watu wakatazamana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulisikia. Wazee wa ukoo wakanitazama mimi, mwenye majina, nao wakaona uso wangu. Mwanangu alifungua mdomo, kisha akaufunga, akasogea pembeni hatua moja ili kati yangu na lile sanduku asiwepo mtu.

"Tuko naye," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nyuma yangu wifi akagonga fimbo yake chini.

"Sema tena, wa nyuma hawakusikia."

Nikasema tena. Safari hii mwanangu alisema pamoja nami, na wengine wakafuata, hata wale ambao hawakujua ni nani tunayemjibia.